Kumfundisha mtoto maneno ya Kiingereza yanayochanganya, pamoja na alama za uandishi: mwongozo kamili

“Their is a dog. Its eating it's food. i like it to.”

Aliyeandika hivyo ana miaka 7, na daftari lake lilikuwa limejaa wino mwekundu. Nilimwomba anisomee alichoandika. Alisoma bila kukwama, na kila neno lilisikika sawasawa kabisa. Kiini cha tatizo kiko hapo: sikio lake halikukosea popote. Jicho ndilo lililokuwa halijafundishwa.

Mtoto aliyeanza kusoma kwa Kiswahili amezoea lugha inayomlipa anayesikiliza vizuri. Akishazishika silabi, anaweza kuandika karibu neno lolote analolisikia, hata lile asilojua maana yake. Kiingereza hakina uungwana huo. Kina herufi 26 kwa sauti zipatazo 44, na tahajia yake ilianza kuganda wakati matamshi bado yanahama. William Caxton alianzisha uchapaji Uingereza mwaka 1476, na irabu za Kiingereza ziliendelea kubadilika kwa zaidi ya karne mbili baada ya hapo, ilhali maandishi yalikuwa yameshazoeleka. Ndiyo maana “knight” ina k ambayo hakuna anayeitamka na “two” ina w iliyonyamaza. Mweleze mtoto jambo hili mapema, kwa maneno mepesi: lugha yenyewe ndiyo yenye kona nyingi, na wewe huna akili nzito. Mtoto anayeamini kwamba yeye ndiye tatizo huanza kuandika kidogo kidogo ili asikosee, na asiyeandika hajifunzi kuandika.

Mwongozo huu unamfaa mzazi au mwalimu wa mtoto wa miaka 6 hadi 9 anayekijua Kiswahili na sasa anajifunza kuandika Kiingereza.

Hatua ya kwanza: jua anachanganya nini hasa

Usianze na orodha ya maneno 50 yanayochanganya uliyoikuta mahali. Anza na daftari la mtoto. Pitia kazi zake za wiki mbili, kisha mpe imla fupi ya sentensi tano au sita. Kila neno alilokosea liandike pembeni kwenye karatasi yako mwenyewe, usimwonyeshe. Utakuta makosa yanajigawa katika mafungu matatu.

La kwanza ni maneno ambayo kila mtu huyatamka kwa namna moja au karibu sana: “there” na “their”, “to” na “two”, “hear” na “here”. La pili ni maneno yanayotofautiana kwa mzungumzaji wa Kiingereza lakini kwa sikio letu yanafanana: “ship” na “sheep”, “live” na “leave”, “bad” na “bed”. La tatu ni maneno yasiyofanana hata kidogo, ila kwa Kiswahili yote mawili yanabebwa na neno moja: “he” na “she”, “borrow” na “lend”, “hand” na “arm”.

Nasisitiza mgawanyo huu kwa sababu kila fungu lina dawa yake. Mtoto anayeandika “ship” akimaanisha kondoo ukimwandikisha neno hilo mara 20 humsaidii, maana kosa limeanzia sikioni. Na anayesema “he” kwa mama yake hana shida ya tahajia hata kidogo.

Hatua ya pili: maneno ya sauti moja, na kwa nini usiyafundishe kwa jozi

Waalimu wengi, nami nilikuwa miongoni mwao kwa miaka kadhaa, huandika ubaoni “there, their, they're” kwa pamoja, huchora mistari, huelezea tofauti, kisha hutoa zoezi la kujaza nafasi. Watoto hufanya vizuri siku hiyo. Wiki inayofuata wamechanganyikiwa kuliko walivyokuwa kabla ya somo. Kichwa kimehifadhi maneno matatu katika kapu moja, na kila mtoto akiingiza mkono anatoa lolote. Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji wa msamiati kutoka New Zealand, aliandika mwaka 2000 kuonya juu ya jambo hili: vitu vinavyokaribiana vikifundishwa kwa mara ya kwanza pamoja, huingiliana.

Basi fundisha neno moja mpaka likae. Likishakaa, ndipo umlete pacha wake.

Anza na “there”, kwa kuwa ndilo atakalolihitaji mara nyingi zaidi. Usilitaje “their” kabisa. Lipeleke kwa ndugu zake wa mahali: “here”, “there”, “where”. Waandike watatu hao kwa kushuka chini, mmoja chini ya mwingine, halafu mpe mtoto penseli ya rangi azungushie herufi h-e-r-e katika kila neno. Atagundua mwenyewe kwamba “here” imejificha ndani ya wenzake wawili. Mwache agundue, usimtangulie. Hapa, pale, wapi: yote ni mahali, na yote yana “here” tumboni. Kwa wiki nzima aandike sentensi mbili au tatu kila siku zenye “there” tu. Elekeza kidole kitu kilicho mbali, aseme kisha aandike: “The ball is there.” Wiki ya pili mletee ile “there” isiyoelekeza mahali, “There is a bird”, umwambie kwamba hii ni “kuna”.

Wiki ya tatu, kama “there” inatoka bila kusitasita, fundisha “their” kama neno jipya kabisa, katika jamaa ya umiliki: “my, your, his, her, our, their”. Hapa Kiswahili kinakusaidia sana. “There” ni pale au kuna. “Their” ni -ao: kitabu chao, nyumba yao, viatu vyao. Maneno haya kwa Kiswahili hayafanani, kwa hiyo swali la kumuuliza mtoto anapokwama ni lilelile kila siku: “Kwa Kiswahili ungesemaje?” Akijibu “yao”, ameshajua aandike lipi. “They're” isubiri mpaka ajue alama ya ritifaa, ile iliyo katika “ng'ombe”, na tutafika huko.

Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi kwa maneno mengine, na kwa mengi kuna alama ndogo ya kushikia.

“Two” ina w kwa sababu ina jamaa yake: “twelve, twenty, twice, twin”. Katika hao wote w bado inasikika. Ni mmoja tu aliyepoteza sauti, sura ya ukoo bado anayo. Watoto hupenda sana maelezo haya, na aliyeyasikia mara moja hasahau. “Too” ina o ya ziada kwa kuwa lenyewe linasema mambo ya ziada: mno, au pia. “To” ndilo lililobaki na kazi zote nyingine.

“Hear” ina “ear” ndani yake, na sikio ndilo linalosikia. “Here” tumeshaiweka kwa ndugu zake wa mahali.

“Then” na “than” kwa Kiswahili ni kisha na kuliko, na hapo kazi imekwisha kwa sehemu kubwa. Kumbusha tu kwamba “then” inafanana na “when”, na yote mawili ni ya wakati.

“Were” na “where”: h ndiyo inayoipeleka “where” kwa “here”. “Were” ni wakati uliopita wa “are” na haina mahali.

Hayo yanatosha kwa mwaka mzima wa mtoto mdogo. Najua kuna “principal” na “principle”, na “affect” na “effect”, lakini mtoto wa miaka 7 hayahitaji. Ukimlundikia, utamfukuza.

Hatua ya tatu: maneno yanayofanana kwa sikio letu

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20. Kwa hiyo sikio lililokulia kwenye tano huchukua kila sauti ngeni na kuisukumia kwenye iliyo jirani. “Hat”, “hut” na “heart” zote zinaangukia a. “Ship” na “sheep” zote zinaangukia i.

Kalamu iweke kando. Chora picha mbili, meli na kondoo, ziweke mezani. Sema neno moja, mtoto aguse picha. Usimtake aseme chochote kwa siku mbili tatu za kwanza. Kusikia hutangulia kutamka, na kutamka hutangulia kuandika. Ukisema “sheep”, vuta midomo pembeni kama mtu anayetabasamu na uirefushe sauti. Ukisema “ship”, legeza midomo, iwe fupi. Kwa “bed” na “bad”, mwonyeshe kidevu: kwenye “bad” kinashuka zaidi. Mpe kioo kidogo ajitazame mdomo. Akipata mara nane katika kumi, badilishaneni, yeye aseme, wewe uguse. Ukigusa picha asiyoikusudia atajua papo hapo kwamba ametamka lile jingine, na hatahitaji kusahihishwa kwa maneno.

Hakuna haja ya kumfanya aongee kama mtoto wa London. Inatosha “live” yake isisikike kuwa “leave”.

Baada ya hapo tahajia yenyewe huwa nyepesi, kwa sababu ee na ea mara nyingi huwa sauti ndefu, na i peke yake katikati ya neno fupi kwa kawaida huwa fupi.

Kuna jozi moja ndogo inayosahaulika: “of” na “off”. F ya “of” hutamkwa v. Mwambie mtoto hivyo waziwazi, kwa kuwa hakuna hila ya kulikumbuka zaidi ya kuliona mara nyingi.

Hatua ya nne: maneno ambayo Kiswahili kimeyaunganisha

Hapa mambo yanageuka. Katika fungu la kwanza Kiswahili kilikuwa ufunguo. Katika fungu hili Kiswahili ndicho kinachomtega mtoto, na mwalimu asiyelijua hilo ataona ukaidi mahali pasipo na ukaidi.

Mtoto akisema “My mother is sick. He is at home”, anajua vizuri kwamba mama ni mwanamke. Ila kwa Kiswahili “yeye” haina jinsia, wala a- ya “anaumwa” haina. Hajawahi kulazimika kulifikiria jambo hilo kabla ya kufungua kinywa. Anahitaji kujenga tabia mpya ya kusimama kidogo na kujiuliza “mwanamume au mwanamke?” kila anapomtaja mtu. Tabia hujengwa kwa marudio mafupi mengi. Chukua picha kumi za watu, zipitishe haraka, na kwa kila picha aseme sentensi moja: “She is running.” “He is sleeping.” Dakika tatu kila siku, kwa mwezi mmoja. Usipunguze mwezi.

Kisha linakuja jambo lililo gumu zaidi, na ambalo sijaona likielezwa vya kutosha: “his” na “her”. Kwa Kiswahili, umbo la -ake hufuata kitu kinachomilikiwa: kitabu chake, nyumba yake, viatu vyake. Kwa Kiingereza neno humfuata mwenye kitu. Mtoto akitaka kusema kwamba kaka alikwenda na mama yake, atasema “My brother went with her mother”, kwa sababu mama ni mwanamke, na akili yake, kwa uaminifu kabisa kwa Kiswahili, inatazama kinachomilikiwa. Chora watu wawili, mvulana upande wa kushoto na msichana upande wa kulia. Chora kila kimoja chini ya mwenyewe: mpira, baba, mama, paka. Mvulana: “his ball, his father, his mother, his cat.” Msichana: “her ball, her father, her mother, her cat.” Weka kidole kwenye kichwa cha mwenye kitu kabla ya kusema neno. Mguso huo wa kidole ndio somo lenyewe. Nimewaona watoto wakigusa hewani wakati wa kuandika, miezi mitatu baadaye.

“Borrow” na “lend” hutesa hata watu wazima. Tunasema “niazime kalamu” na pia “nimeazima kalamu”, kitendo kimoja kwa pande zote mbili, ndipo tunapata “Borrow me your pen”. Tumia kukopa na kukopesha, ambavyo Kiswahili kimevitenganisha: “borrow” ni kukopa, kitu kinakuja kwangu, “lend” ni kukopesha, kitu kinatoka kwangu. Fanyeni kwa kalamu halisi inayotoka mkono mmoja kwenda mwingine, kila mmoja akisema alichofanya. Vivyo hivyo “teach” na “learn” ni kufundisha na kujifunza. Na “bring” na “take” ni kuleta na kupeleka, ambapo Kiswahili kiko upande wako tena.

Sehemu za mwili zipitie haraka: mkono ni “hand” na “arm”, mguu ni “leg” na “foot”, kidole ni “finger” na “toe”. Mchoro mmoja wenye mistari unatosha.

Hatua ya tano: sentensi iwe na mlango wa kuingilia na wa kutokea

Alama za uandishi zianze kwa sauti. Mwandikie mtoto aya fupi isiyo na alama wala herufi kubwa, umwombe aisome kwa sauti bila kupumua. Atacheka, atakwama, atalalamika. Kisha mpe ileile yenye alama. Sasa ameona kwamba alama ni maelekezo kwa msomaji, hazikuwekwa kumfurahisha mwalimu.

Herufi kubwa na nukta zifundishe pamoja. Hizi haziingiliani, kwa kuwa kila moja inakaa mwisho wake: herufi kubwa hufungua, nukta hufunga. Tatizo ni kujua sentensi inaishia wapi. Watoto wengi huweka nukta kila mstari wa daftari unapoisha. Maswali mawili huwasaidia: nani? amefanya nini? Majibu yote mawili yakiwapo, inaweza kuwa sentensi.

Hapa kuna tofauti ya kuangalia. Kwa Kiswahili neno moja linaweza kuwa sentensi kamili: “Nimechoka.” Mtendaji yumo ndani, ni ile ni- ya mwanzo. Kwa Kiingereza mtendaji lazima asimame nje kama neno: “I am tired.” Hata mvua ikinyesha lazima pawe na “it”: “It is raining.” Mtoto anayeandika “Is raining” ameacha nafasi ya mtendaji tupu, na swali la “nani au nini?” litamwonyesha.

“I” ya mimi huandikwa kwa herufi kubwa popote ilipo, hata katikati. Majina ya watu, mahali, siku na miezi ni kama Kiswahili, hayahitaji somo.

Kosa la pili kwa ukubwa ni kuunganisha sentensi kwa alama ya mkato (,). Tunasimulia hivi: “Alifika, akakaa, akaanza kusoma.” Ni Kiswahili safi, kwa sababu -ka- inafunga vitendo pamoja. Kiingereza hakina -ka-. Mtoto akihamisha mtindo huo anapata “He came, he sat down, he started to read”, na kwa msomaji wa Kiingereza hizo ni sentensi tatu zilizobanwa bila kiungo. Mfundishe njia mbili tu: weka nukta na uanze upya, au tumia “and” au “then”. “He came and sat down. Then he started to read.” Mwambie: kila unaposikia -ka- kichwani, tafuta nukta, “and” au “then”.

Hatua ya sita: alama ya kuuliza, mshangao na mkato

“Unakuja.” “Unakuja?” Kwa Kiswahili maneno hayakusogea, ni sauti tu iliyopanda. Kiingereza mara nyingi husogeza maneno, na mtoto akifundishwa alama peke yake ataandika “You are coming?” kila mahali. Wape watoto watatu kadi: “you”, “are”, “coming”. Wasimame kwa mstari, na wa nne ashike kadi ya nukta mwishoni. Sasa sema: “Ulizeni!” Wenye “you” na “are” wanabadilishana nafasi, wa nne anageuza kadi yake ambayo nyuma ina alama ya kuuliza. Darasa linasoma: “Are you coming?” Nilipofanya hivi mara ya kwanza, msichana mmoja aliyeshika “are” alisema, “Mwalimu, mimi ndiye ninayetangulia kila wakiuliza.” Hakuna kanuni niliyoandika ubaoni iliyowahi kueleweka vizuri namna hiyo. Ukiwa nyumbani na mtoto mmoja, kadi mezani zinatosha. Maswali yenye “do” na “does” yaje baadaye.

Alama ya mshangao: moja kwa wakati mmoja, na isizidi moja kwa ukurasa. Watoto huipenda mno.

Mkato kwa umri huu una kazi mbili tu: kutenganisha vitu kwenye orodha, “a pen, a book and a ruler”, na kutenganisha jibu au jina la unayemwita, “Yes, I can.” Kama kuna mkato au hakuna kabla ya “and” ya mwisho, ni mazoea, Waingereza wengi huuacha, Wamarekani wengi huuweka. Chagua moja, usimsumbue mtoto na mabishano hayo. Alama za kunukuu zingoje afikishe miaka 8 au zaidi, na zianze kwa kuchora watu wenye maputo ya maneno: yaliyomo ndani ya puto ndiyo yanayoingia ndani ya alama.

Hatua ya saba: ritifaa

Wengine huiita apostrofi. Mtoto wako anaijua tayari kutoka “ng'ombe”, na huo ni mwanzo mzuri, ila umwambie kwamba Kiingereza kimeipa kazi nyingine. Kwa Kiswahili inatenganisha sauti ya “ng'ombe” na ya “ngoma”. Kwa Kiingereza ina kazi mbili, nawe fundisha ya kwanza mpaka iive ndipo uguse ya pili.

Kazi ya kwanza ni kuziba pengo. Watoto wa miaka 6 na 7 wana mapengo vinywani, kwa hiyo mfano umekwisha kuletwa darasani. Andika “do not” kwenye ukanda wa karatasi kwa herufi pana za wazi. Mpe mtoto mkasi akate o ya “not” aiondoe, asogeze vipande, kisha kwenye pengo achore ritifaa: “don't”. Akifanya hivyo kwa “is not”, “did not”, “I am”, “it is” na “they are”, ataacha kuandika “do'nt”. Kosa hilo hutokea kwa sababu anafikiri alama inashona maneno mawili, ilhali inakaa pale jino lilipong'oka. “Won't” haifuati mkasi. Mwambie wazi kwamba imetoka kwa “will not” na inakaririwa tu.

Sasa “they're”, “you're” na “it's” zinafunguka zenyewe. Jaribio ni moja: rudisha jino. “It's eating” ukirudisha inakuwa “it is eating”, imekubali. “The dog is eating it's food” inakuwa “it is food”, mbwa amegeuka upuuzi, basi ni “its”. Mtoto asome kwa sauti sentensi iliyorudishwa jino. Sikio lililomdanganya mwanzoni sasa linamsaidia.

Kazi ya pili ni umiliki: “the boy's bag”. Mwonyeshe kwamba Kiingereza kimegeuza mpangilio wetu: mkoba wa mvulana unakuwa mvulana kwanza, mkoba baadaye, na ile “wa” inakuwa ritifaa na s. Mara tu baada ya somo hili ataanza kuweka ritifaa kwenye kila s anayokutana nayo, “two cat's”, “he run's”. Ni dalili ya kawaida, usishtuke. Muulize, “Paka ana nini?” Kama paka hana kitu, ritifaa itoke. “Boys'” ya wengi iache mpaka karibu miaka 9.

Na mtoto mwerevu atakuuliza: kama umiliki unatumia ritifaa, kwa nini “its” haina? Mweke pamoja na wenzake: “his, her, its, our, their”, hakuna hata mmoja mwenye alama. Unaweza pia kumweleza kwamba katika karne ya 17 Waingereza wenyewe waliandika “it's” kwa umiliki, tena vitabuni. Hayuko peke yake.

Kufanya kazi kwa dakika kumi kwa siku

Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kumbukumbu, alichapisha mwaka 1885 kwamba tunasahau haraka sana mwanzoni, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hushinda yaliyorundikwa pamoja. Dakika kumi kila siku ni bora kuliko saa moja Jumamosi. Neno jipya lirudi kesho yake, kisha siku ya 4, ya 7, ya 14, na baada ya mwezi.

Ratiba yangu: dakika mbili za maneno ya zamani kwa kadi, dakika nne za jambo jipya, dakika nne za imla ya sentensi tatu. Imla isome mara tatu: mara ya kwanza mtoto asikilize tu, ya pili aandike, ya tatu akague. Aandike kwa mkono, kwa kuwa simu inayosahihisha yenyewe humnyima nafasi ya kuamua.

Kusahihisha nako kuna namna. Siandiki kosa ubaoni ili watoto walisahihishe wakiwa bado wanalijifunza neno. Jicho hulishika kosa kama linavyoshika lililo sawa. Na katika daftari nachagua aina moja ya kosa kwa siku. Kama leo ni nukta, “their” iliyokosewa naipita kimya. Pembeni mwa mstari wenye kosa naweka alama ndogo ya penseli bila kuonyesha neno lenyewe, naye analitafuta. Akilipata analisahihisha kwa kalamu yake mwenyewe.

Mapacha wakishafundishwa kila mmoja kwa wakati wake, ndipo uwakutanishe kwa mara ya kwanza, kwa imla ya sentensi moja: “They're playing there with their two dogs, and it's fun.” Usimwonye kwamba kuna mtego. Isome polepole, mara tatu, na umtazame anapofika kwenye “their”. Akisimama kidogo, akanong'ona “yao”, kisha akaandika, weka kadi za maneno hayo kwenye bahasha, na nje ya bahasha andika tarehe ya mwezi mmoja mbele utakapozitoa tena.